Punje Ishirini za Mtama

Hotuba hii niliitoa Dodoma mbele ya maafisa maendeleo ya jamii, maafisa ustawi wa jamii, watendaji wa kata na vijiji, na wawezeshaji wa mipango ya ruzuku. Walioshindwa kufika wameniomba maneno yote, nami nayaweka kama nilivyoyasema.

Mbukwenyi!

Haya. Walioitikia ni wenyeji. Walionyamaza ni wale waliohamia na wizara zao kuanzia 2016, nao tunawakaribisha. Kujifunza salamu hakuna ada.

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa mliopo, wanangu wa kazi: itifaki imezingatiwa, maana nikianza kumtaja kila mtu kwa cheo chake, wali utapoa. Mimi ni mstaafu. Vijijini waliniita Bibi Maendeleo tangu nikiwa binti wa miaka ishirini na mitano, na sasa jina limenikuta kweli, nimekuwa bibi. Nimeombwa niseme jinsi ya kuboresha huduma za ruzuku kwa kaya za kipato cha chini. Sikuja na picha za kurusha ukutani. Nimekuja na punje za mtama, zimo humu kwenye kitambaa.

Nani alinifundisha kutumia punje? Mjane mmoja, mkoa huuhuu, miaka michache iliyopita. Aliishi peke yake kwenye tembe. Wakati ule ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi, na dirisha la malipo lilifunguliwa kila miezi miwili. Kwa hiyo kila dirisha, yeye aliandikiwa 20,000. Nikamkuta nje anapepeta, nikamsalimu, nikakaa. Nikamuuliza swali tunalouliza wote tukiwa na fomu mkononi: "Bibi, ile pesa imekusaidia nini?"

Akaniuliza: "Ipi? Niliyopewa au iliyofika?"

Ndugu zangu, nilifanya kazi hii miongo mitatu na sikuwahi kuulizwa swali lile. Nikasema sielewi. Akachukua ungo, akahesabu punje ishirini, kila punje shilingi elfu moja. Akaanza kuziondoa. Mbili za bodaboda kwenda kwa wakala. Mbili za kurudi, kwa sababu wakala hakuwa na fedha taslimu siku ile. Mbili za kwenda tena keshokutwa. Mbili za kurudi. Mbili za kijana wa jirani, mwenye laini iliyopokea pesa. Moja ya makato ya kutoa. Moja ya chai na chapati, maana safari zote mbili alitoka alfajiri bila kutia kitu tumboni.

Hesabuni nami. Zimebaki ngapi?

Nane. Ishirini zimetoka Hazina, nane zimefika kwenye ungo.

Zile kumi na mbili zimekwenda wapi? Hazikuibwa. Hakuna mtu wa kukamata. Mkaguzi akija atakuta vitabu safi kabisa: kaya imelipwa, kiasi kamili, kwa wakati. Na sisi tutaandika kwenye taarifa kwamba walengwa wote wa kijiji wamelipwa asilimia mia moja. Tutakuwa hatujasema uongo hata mmoja.

Nimekuja kusema jambo hilo moja, na mengine yote nitakayosema leo ni matawi yake. Tunapima ruzuku pale inapotoka. Mama anaipima pale inapofika. Katikati kuna njia, na njia ile inakula.

Sasa tuipite njia yenyewe.

Mtaniuliza: kwa nini bibi apokee kwa laini ya kijana wa jirani? Kwa sababu ya vidole. Mnakumbuka usajili wa laini kwa alama za vidole, na ile siku ya tarehe 20 Januari 2020 laini zilipoanza kuzimwa? Yule bibi alikwenda. Akaweka kidole, mashine ikakataa. Akaweka cha pili, ikakataa. Vyote kumi. Mikono iliyoshika mpini wa jembe na mchi kwa miaka sitini haina mistari tena. Imesuguliwa ikawa laini kama kigoda cha zamani. Kijana wa mashine akamwambia, "Bibi, wewe husomeki." Alinisimulia akicheka, lakini neno lile lilikuwa limemwingia. Husomeki! Mtu amelima nchi hii maisha yake yote, halafu kazi hiyohiyo ndiyo inamfanya asisomeke.

Sisemi turudi kulipa taslimu mezani. Nilikuwepo enzi za meza, nakumbuka foleni za tangu asubuhi hadi jua kuzama, na walinzi, na gari la pesa lililokwama kwenye mchanga mtoni. Simu ni jambo jema. Lakini anayepanga malipo ya simu ajiulize maswali matatu kabla hajatia sahihi: simu ni ya nani? Wakala yuko umbali gani? Na siku ile ana fedha taslimu? Akikosa jibu la moja, ajue punje zimeanza kuondoka kwenye ungo.

Nilipendekeza zamani, na leo napendekeza tena, malipo yaende na siku ya mnada. Kila eneo hapa kwetu lina mnada wake, na siku ile hata mgonjwa anapata lifti. Magari yapo, mawakala wapo, fedha taslimu zipo kwa sababu ng'ombe na mbuzi wanauzwa. Mama hatafunga safari ya ruzuku. Atapokea ruzuku ndani ya safari aliyokwisha kuifunga.

Naona mmoja kule nyuma anatikisa kichwa. Najua unachotaka kusema, mwanangu. Unataka kusema mnadani kuna pombe.

Ipo. Na nyama choma ipo. Lakini ngoja nikukumbushe jambo lililofanyika hapa karibu, wala si ng'ambo. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianzishwa mwaka 2000, na miaka ya mwanzo ulijulikana zaidi kwa madarasa, zahanati na visima. Kuwapa watu fedha mkononi kulianza kwa majaribio mwaka 2010, katika wilaya tatu: Bagamoyo, Kibaha, na hapa Chamwino. Vilichukuliwa vijiji 80, vikapigiwa kura: 40 vikaanza kupokea, 40 vikasubiri. Watafiti wakafuatilia wote. Siku zile hata maofisini kulikuwa na manung'uniko: maskini ukimpa fedha atainywa. Matokeo? Kaya zilizopokea zilikata zaidi kadi za Mfuko wa Afya ya Jamii, ile CHF. Zikanunua kuku. Watoto wao wakawa na viatu zaidi. Viatu na kuku, ndugu zangu! Na waliokusanya tafiti za namna hii kutoka nchi nyingi duniani hawakukuta kwamba ruzuku inaongeza ulevi. Basi tuwaache walevi wa mnadani wanywe kwa fedha zao, mama apokee yake arudi na debe la uwele.

Jambo la pili ni namna tunavyowapata walengwa. Hapa nitasimulia kosa, na kosa ni langu.

Utaratibu mnaujua. Mkutano wa kijiji unakaa, wananchi wanataja kaya ambazo wao wenyewe wanaona ni maskini zaidi, kisha dodoso linajazwa, kisha kompyuta inapima. Naupenda mwanzo wa utaratibu huu. Watu wa kijiji wanajuana. Hapa Ugogo, nchi ya Wagogo, tangu zamani mwenye mifugo mingi alimkabidhi jirani ng'ombe amtunze, anywe maziwa. Hakuhitaji dodoso kujua nani hana maziwa. Wazee wetu walipita kwenye Mtunya, ile njaa iliyokuja wakati Vita Kuu ya Kwanza inaisha, baada ya majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza kubeba nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Watu wa historia kama hiyo wanajua uso wa njaa.

Lakini mkutano unamjua aliyehudhuria. Nami ndiye niliyepanga tarehe. Nikapanga Jumanne, saa nne asubuhi, mwezi wa pili.

Wenye asili ya hapa wameshaanza kuguna. Mwezi wa pili Dodoma ni mwezi gani? Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Mwezi wa pili ghala la maskini limekwisha na shamba bado halijaiva. Ni mwezi wa palizi. Na asiye na chakula anapalilia wapi? Kwenye shamba la mwenye chakula.

Mkutano ulijaa. Akidi ilitimia, mtendaji akaandika muhtasari mzuri, majina yakatajwa, tukapiga makofi, nikapanda pikipiki nikiwa nimeridhika. Njiani nikaona kulia kwangu safu ya migongo imeinama shambani. Kushoto safu nyingine. Nikasimama. Waliokuwa mkutanoni walikuwa wenye mashamba. Waliokuwa mashambani hawakuwa wenye mashamba.

Nikamwita mama mmoja, mtoto mgongoni, nikamuuliza kama alisikia mbiu ya mkutano. Alisikia. Kwa nini hakuja? Akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyeuliza kama maji yanalowesha. Akasema, "Ningekuja, na kibaba cha leo angenipa nani?"

Nitarudi kwenye kijiji hicho. Kwanza nimalizie habari ya dodoso, maana mkutano ukishakosea, dodoso halirekebishi. Wakati mwingine linaongeza.

Mama mwingine, kijiji kingine. Alitajwa na mkutano kwa sauti moja, hakuna aliyepinga. Dodoso likaja: paa la bati. Akatoka kwenye orodha. Lile bati lilikuja vipi? Mwanaye alikuwa anauza mitumba Dar es Salaam, akamnunulia mama yake bati ishirini, akamwezekea. Miezi michache baadaye mwana akafariki. Mama akabaki na bati na wajukuu watatu. Akamwambia kijana wa dodoso, nami nipo pale, "Niling'oe kwanza ndipo mnione?"

Bati haliliwi. Kila mtu ndani ya ukumbi huu anajua bati haliliwi. Ila kompyuta hatukuiambia.

Je, lazima kila mtu apimwe umaskini wake kwa dodoso? Zanzibar mwaka 2016 walianza kuwalipa pensheni wazee wote wa miaka 70 na zaidi, shilingi 20,000 kila mwezi, kwa bajeti ya Serikali yenyewe. Hawakuuliza bati. Waliuliza umri na ukaazi, basi. Utasema: na mzee tajiri je, naye atachukua? Atachukua, kama ataona inafaa kujipanga kwa ajili ya fedha kama hiyo. Mwenye gari tatu mtamwona mara moja kwenye foleni, mara ya pili hamtamwona. Gharama yake ni kubwa, sikatai, na anayewaambia kwamba ni rahisi anawadanganya. Ila maoni yangu ni haya: kwa wazee sana, kwa watu wenye ulemavu mkubwa na kwa watoto wachanga, tuangalie kile kinachoonekana kwa macho, tuache kuwafanya washindane kwa ufukara. Hesabu za kompyuta zibaki kwa kaya nyingine.

Na jambo hili la kuuelezea umaskini. Mama huyohuyo wa bati alikuwa na mfuko wa rambo, enzi hizo hazijapigwa marufuku, umejaa karatasi. Barua ya mwenyekiti kwa ajili ya msamaha wa matibabu. Barua nyingine ya mwenyekiti kwa ajili ya CHF. Fomu ya kikundi kwa ajili ya mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Cheti cha kifo cha mwanaye, nakala tano. Kila dirisha alilokwenda alianza upya: mimi ni mjane, mwanangu amefariki, nina wajukuu watatu. Kila dirisha. Mnajua ni mara ngapi alimzika mwanaye mbele ya meza zetu?

Brazil walikuwa na tatizo hilohilo. Mwaka 2001 wakaanzisha daftari moja la kaya, na mwaka 2003 wakachukua misaada kadhaa iliyokuwa ikitolewa na ofisi tofauti wakaiunganisha kuwa mmoja, Bolsa Família. Mama akieleza mara moja, ameeleza. Sisi tunazo orodha za walengwa wa ruzuku, tunazo za wazee wa msamaha, tunazo za vikundi. Mara nyingi zimo kwenye jengo moja, korido moja, makabati mawili yanayotazamana. Mtembeze karatasi, usimtembeze mama.

Nipite haraka kwenye masharti, kwa sababu najua yana wakubwa wake na mimi sitayabadilisha nikiwa hapa. Mtoto mdogo apelekwe kliniki, mkubwa aende shule, ndipo sehemu ile ya ruzuku ilipwe kamili. Nia ni njema. Na tangu Januari 2016 elimu ya msingi na sekondari ya chini haina ada, kwa hiyo sharti la shule si zito kama zamani, ingawa sare na daftari bado zinasumbua.

Lakini mama mmoja alitembea kilomita nane na mtoto mgongoni kwenda kliniki. Mlango umefungwa. Muuguzi yuko wapi? Yuko semina. Semina ya nini? Ya lishe ya mtoto. Mama akarudi, kadi haina alama. Dirisha lililofuata akapunguziwa. Akaja kwangu na kadi, hakulalamika, aliuliza tu kwa upole: nani hakutimiza sharti?

Nani? Mama alifika. Mtoto alifika. Nani hakufika?

Kwenye fomu ile ya kufuatilia masharti, ongezeni safu moja tu: je, siku ile huduma ilikuwepo? Safu moja. Ikijazwa "haikuwepo", mama asiguswe, na taarifa iende kwa mganga mkuu wa wilaya, isiende kwenye malipo. Na mtoto akikosa shule wiki mbili, mtu aende nyumbani kabla ya kukata. Mara ngapi nimekwenda nikakuta mama anaumwa na mtoto ndiye mpishi? Kaya ile inahitaji kuongezewa, sisi tunaipunguzia.

Sasa kalenda. Hapa naomba mnivumilie, napenda sana kuizungumzia.

India, katika jimbo la Tamil Nadu, watafiti waliwachukua wakulima wa miwa 464 wakawapa majaribio ya akili, yale ya kufikiri haraka na kujizuia kukosea. Wakawapa kabla ya mavuno, mkulima akiwa amekaukiwa, na tena baada ya mavuno, akiwa ameshalipwa. Matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Watu ni walewale. Kabla ya mavuno walifanya vibaya, baada ya mavuno walifanya vizuri. Ufukara ulikuwa umekalia kichwa, hauachi nafasi ya jambo jingine.

Mimi sikuhitaji kwenda India. Nimemwona mtu mwerevu kabisa, wa kuhesabu mbuzi mia bila karatasi, mwezi wa pili anashindwa kufuata maelezo ya fomu ya kurasa nne. Halafu tunasema mwamko mdogo. Mwamko! Mtu anahesabu vikombe vya unga vilivyobaki, wewe unamwambia jaza kipengele cha saba.

Kwa hiyo nauliza: kazi zetu nzito za karatasi tunazipeleka vijijini mwezi gani? Malipo yanachelewa mwezi gani? Dirisha likichelewa Julai, watu wananung'unika na kuendelea na mtama wao. Likichelewa Februari, mama anauza shamba likiwa bado kijani. Mwenye duka anampa debe moja leo, wakati wa mavuno anachukua gunia. Sisi tumechelewa wiki tatu. Yeye atalipa kwa ajili ya wiki zile tatu mpaka mwaka ujao. Mwenye ratiba ya malipo hapa ndani, kama kuna dirisha moja la kulipigania lisichelewe hata siku moja, ni lile la kabla ya palizi. Na lile la kabla ya mvua, ili mbegu inunuliwe mvua ikiwa bado haijanyesha.

Ajira za muda, zile za walengwa wa TASAF, zililielewa hili mapema. Awamu ya kwanza ya ajira hizo mlengwa alifanya kazi siku 15 kwa mwezi, miezi minne, kwa ujira wa shilingi 2,300 kwa siku. Zidisheni: siku 60, shilingi 138,000. Si fedha ya kujengea, lakini zilipangwa kiangazi, mikono ikiwa haina shamba, na lambo lililochimbwa lilibaki kijijini ng'ombe wanakunywa. Pale kalenda ilifuata watu. Inawezekana, basi.

Niseme na lugha yetu. Tunaandika barua: "Mnajulishwa kwamba zoezi la uhawilishaji fedha kwa walengwa limeahirishwa hadi mtakapotangaziwa." Naomba anayesema uhawilishaji nyumbani kwake anyooshe mkono. Hakuna. Kijijini wanasema hela za TASAF. Wanasema wamenikata, wamenirudisha, dirisha limefungwa. Tena kuna bibi wa Kisandawe na mzee wa Kibarabaigi ambao hata hayo unawaambia kupitia mjukuu. Barua ya tangazo kabla ya kubandikwa isomwe kwa sauti mbele ya mama lishe anayewapikia hapo ofisini. Akiuliza "maana yake nini?", mwandike upya.

Na sanduku la malalamiko. Hapa mtanicheka, cheko ni halali yenu. Katika ofisi moja niliyofanyia kazi palikuwa na sanduku la maoni la mbao, lina kufuli, ufunguo amehama nao mtu aliyepewa uhamisho. Lilikaa ukutani miaka mitatu. Kila robo mwaka niliandika kwenye taarifa: malalamiko yaliyopokelewa, sifuri. Siku moja fundi akaling'oa ili apake rangi. Tukalivunja. Ndani palikuwa na mchwa, na karatasi tatu. Mbili zimeliwa, hazisomeki. Ya tatu imebaki nusu, na nusu ile ilisema: "Naomba kuuliza, hili sanduku hufunguliwa na nani?"

Sifuri ile niliitia sahihi mimi. Mara kumi na mbili.

Ndugu Mwenyekiti, naona unaangalia saa. Nimemaliza, ila kuna kijana pale mbele, mtendaji wa kijiji, alininong'oneza wakati wa chai. Alisoma muhtasari wangu akaniuliza: "Bibi, unataka mikutano ya kuwapata walengwa isifanyike asubuhi ya palizi. Jioni watu wamechoka, na usiku ofisi yangu haina umeme. Tukutane na taa gani?"

Nilimwahidi nitamjibu mbele ya wote. Ndiyo maana nilisema nitarudi kwenye kile kijiji.

Baada ya kuiona ile migongo shambani nilirudi kwa mwenyekiti wa kijiji nikamwambia nimekosea, tuite tena. Akanijibu jibu lako hilohilo: taa hatuna. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa pembeni anasuka kamba akauliza, "Leo mwezi una siku ngapi?" Tukahesabu. Tukaita mkutano siku ya mwezi mpevu, baada ya chakula cha jioni, chini ya mbuyu ulio karibu na makazi ya vibarua. Watoto walilala kwenye kanga. Mama wa kibaba alikuja, jembe bado analo. Nilikuwa na orodha ya kwanza mkononi, nikaisoma jina kwa jina kwa mwanga ule, na kila jina lililosomwa likapata mtu wa kusema, "Huyo ana trekta," au, "Huyo sawa, mwacheni." Tulifuta majina tisa. Tuliandika mapya kumi na saba. Jogoo wa kwanza aliwika hatujaondoka.

Kwa hiyo, mwanangu, nakupa kalenda hii ya ukutani, nimeizungushia duara siku za mwezi mpevu kuanzia Desemba hadi Aprili. Njoo uichukue. Na punje hizi ishirini chukua pia, utazihitaji ukifika.